Gari la Amana: Livikwe Kava au Liachwe Wazi?



Wapenzi wasomaji, juma hili tumepokea barua ya dada mmoja aishiye hapa Mtwapa, upande wa kuelekea baharini. Ndugu yake amekwenda Qatar kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili, na kabla ya kusafiri alimkabidhi ufunguo wa gari lake akamwambia, "Dada, nitunzie mpaka nirudi." Ni gari la kutumika lililotoka Japani, alilolinunua kwa akiba ya miaka mingi. Nyumba ya dada haina banda, hivyo gari limewekwa uani, kati ya ukuta na mnazi. Wifi yake amemshauri anunue kava alifunike gubigubi. Fundi wa mtaani amemwambia asithubutu, kwani kava litalitia kutu. Mumewe naye aona asiguse chochote, maadamu gari si lao. Dada atuuliza: afanye lipi ili siku ya kurudi ndugu yake asibaki na lawama?

Swali hili si la nyumba moja. Katika mitaa yetu wako akina mama wengi waliowekewa magari na wana wao walio Doha, Jeddah na Maskati. Wako pia wajane ambao gari la marehemu limesimama mlangoni likingoja mirathi igawanywe. Gari la namna hiyo ni rasilimali ya mtu asiyekuwapo kulitazama, na mara nyingine ni mali ya mayatima. Kwa hiyo inafaa tulijibu taratibu, tuanze na gari lenyewe, kisha tuje kwenye amana.

Tutazame kwanza kava linakinga nini. Adui wa kwanza wa gari katika mwambao huu ni jua. Juu ya rangi ya gari pana utando wa vanishi usiozidi unene wa unywele, nao ndio unaoipa rangi mng'ao na kuizuia isipauke. Mwanga mkali wa jua huula utando huo kidogo kidogo, kwanza juu ya paa na juu ya boneti. Dashibodi hukauka na kupasuka, na vioo vya taa za mbele, ambavyo siku hizi ni vya plastiki, huwa vya manjano. Ikumbukwe kuwa magari yetu mengi hushuka katika bandari ya Mombasa yakiwa yamekwisha tumika miaka kadhaa. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa gari ambalo halijapita miaka 8. Kwa hiyo vanishi hiyo huja kwetu ikiwa imekwisha kula jua la kwingine.

Adui wa pili ni ndege. Kunguru wa shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi na ambao waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, wameujaza mwambao wote. Kinyesi chao kina tindikali, nacho kikikaukia juu ya rangi katika jua la mchana huacha alama isiyotoka kwa sabuni. Utomvu wa mwembe hufanya vivyo hivyo. Adui wa tatu ni vumbi, na anayeishi karibu na barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi hahitaji kusimuliwa habari zake.

Kwa maadui hawa watatu, kava jema lafaa, na wifi ametoa ushauri wenye sababu. Lau Mtwapa ingekuwa mji wa bara wenye hewa kavu, tungeishia hapa.

Lakini Mtwapa imezungukwa na maji ya chumvi, huku bahari na huku mkono wake uingiao bara chini ya daraja. Upepo upitao juu ya mawimbi yavunjikayo kwenye mwamba hubeba matone madogo mno ya maji ya bahari, nayo yakikauka huacha chumvi juu ya kila kitu. Kadiri nyumba inavyoukaribia ufuo ndivyo chumvi inavyozidi. Kila mama aijua tabia ya chumvi hiyo kutoka jikoni mwake. Kidau kikiachwa wazi usiku wa masika, asubuhi chumvi imelowa bila ya mtu kuitia maji. Chumvi huyavuta maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 75, na usiku wa kwetu kiwango hicho hupitwa mara nyingi. Hivyo basi, gari lenye utando wa chumvi hulowa kila usiku hata pasipo mvua. Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu, na maji yakiwa ya chumvi kutu hukimbia zaidi.

Gari lililo wazi hulowa usiku, kisha jua na upepo vikalikausha asubuhi. Sasa tulifikirie gari lililovikwa kava la nailoni au turubai la plastiki. Unyevu wa usiku haupati pa kutokea. Mchana jua huupasha moto ukawa mvuke, usiku mvuke huo hurudi kuwa maji, na siku hufuatana hivyo kwa miezi. Sote twajua yanayoipata kanga mbichi ikikunjwa na kufungiwa sandukuni: huota koga, na harufu yake haitoki. Chini ya plastiki, viti vya gari huota koga kama kanga ile, na kutu huanza mahali pasipoonekana, kwenye kingo za milango, chini ya mipira ya vioo na katika maungio ya bati. Fundi naye, basi, hakukosea.

Pana dhara jingine ambalo wengi hawalioni. Kava likivikwa juu ya gari lenye vumbi, na vumbi letu lina mchanga na chembe za mawe ya matumbawe, kila upepo uvumapo kitambaa husugua. Kusi ikishika kasi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, kava lisilofungwa vyema hupigapiga usiku kucha. Miezi michache ya hali hiyo hutosha kuiachia rangi mikwaruzo mingi kuliko ambayo jua lingeifanya. Wala kava haliizuii nazi. Gari lililo chini ya mnazi liondolewe hapo leo kabla ya mazungumzo ya kava, kwa sababu nazi moja hupasua kioo na kubonyeza paa, liwe limefunikwa au halikufunikwa.

Je, kava ni baya? Hapana. Kava hufaa kwa masharti, na masharti yenyewe ni haya.

Liwe la kitambaa kipitishacho mvuke. Sokoni yapo makava ya tabaka kadhaa yasiyoloanishwa kwa urahisi na mvua ndogo, lakini yanayoacha unyevu utoke. Ukitaka kulijua, weka kipande chake juu ya kikombe cha maji ya moto na ushike kioo juu yake. Kioo kikifanya ukungu, kitambaa kinapumua. Kikibaki kikavu, hiyo ni plastiki hata ikipewa jina zuri namna gani. Upande wa ndani uwe laini, na kava lilingane na umbo la gari, lenye mipira pindoni na kamba za kufungia chini.

Livikwe juu ya gari safi na kavu. Asiyekuwa na muda wa kuliosha gari kabla ya kulifunika ni afadhali asilifunike. Wala lisivikwe mara tu baada ya safari, kwa maana bomba la moshi na injini vina moto wa kuyeyusha kitambaa.

Livuliwe mara kwa mara. Walau mara moja kila juma, asubuhi ya jua na upepo, gari lifunuliwe, milango ifunguliwe na kava lianikwe. Wakati wa masika, mvua inyeshapo siku mfululizo, ni heri likunjwe liwekwe ndani, maana kava lililoloa na kukaa juu ya gari halikingi tena kitu.

Mwenye kuweza kutimiza masharti hayo matatu na anunue. Asiyeweza atafute kivuli, na kivuli hakika ndicho kilicho bora kwa nyumba nyingi za kwetu. Banda la nguzo nne na paa la makuti, lililo wazi pande zote, hulizuia jua, kunguru na utomvu, na hapohapo huliacha gari likipigwa na upepo. Wazee wetu walioezeka makuti juu ya mashua zilizopandishwa pwani hawakuwa wajinga. Liliwekwe tu mbali na jiko na mahali pa kuchomea taka, kwani makuti hayachelewi kushika moto. Aliye na neti ya kivuli, ile itumiwayo na wenye mabustani ya miche, aweza kuitandaza juu ya nguzo akapata nusu ya faida hiyo kwa gharama ndogo. Na kama kipo kivuli, kava jepesi la pamba chini yake huzuia vumbi bila madhara, ilimradi nalo lianikwe.

Kuosha nako kuna adabu yake hapa pwani. Dawa ya chumvi ni maji matamu, na visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvichumvi. Anayelimwagia gari maji ya namna hiyo hulizidishia ugonjwa kwa nia njema. Yatumike maji ya mfereji, au ya mvua yaliyokingwa kutoka paani. Ndoo mbili hutosha, lakini ndoo moja kati ya hizo iende chini ya gari na ndani ya vifuniko vya magurudumu, ambako chumvi na matope hujificha.

Sasa tuje kwenye upande wa amana, ambao kwa dada yetu ndio mzito zaidi. Gari haliharibiki kwa jua na kutu pekee. Huharibika pia kwa kusimama. Betri hupungua nguvu hata ikafa, matairi hubonyea upande mmoja, breki hugandana na vyuma vyake, petroli huchakaa tangini. Mafundi husema gari liendeshwe nusu saa kila juma, kwa sababu kuliwasha na kulizima papo hapo hakutoshi. Je, dada aliyeambiwa "nitunzie" ana ruhusa ya kuliendesha?

Asili ya hukumu ni kwamba anayepokea amana hudhaminishwa akizembea au akipindukia mpaka. Kuitumia amana kwa haja yake bila ya idhini ya mwenyewe ni kupindukia mpaka. Likitokea la kutokea, atalipa. Kwa hiyo mume aliyesema "tusiguse" alikuwa na msingi. Lakini msingi huo una upande wa pili. Imamu Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, katika kitabu chake Minhaj at-Talibin, ambacho ni nguzo ya madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu katika mwambao huu, alizitaja nguo za sufi zilizowekwa amana. Kwa mujibu wa maelezo yake, yampasa aliyezipokea kuzianika upepeni ili zisiliwe na nondo, na hata kuzivaa iwapo zahitaji kuvaliwa ndipo zisalimike. Vilevile aliyepewa mnyama akamwachia njaa mpaka akafa huwa mdhamini wake. Wanazuoni hao hawakuliona gari, lakini walikwisha kulitambua jambo lenyewe: viko vitu ambavyo kuviacha vilivyo ndiko kuvipoteza.

Kutokana na hayo, kufunika gari na kuliacha miaka miwili hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni kutunza, hata kama moyo wa mfunikaji ni safi. Na kuliendesha kila siku kwenda sokoni na harusini, kwa hoja ya kwamba gari lataka mwendo, nako si kutunza. Kilicho baina ya mawili hayo ni idhini. Siku hizi Qatar haiko mbali. Ujumbe mmoja wa simu hufika kabla ya chai kupoa. Dada na amwandikie ndugu yake, kwa maandishi yatakayobaki, amuulize mambo manne: Je, naruhusiwa kuliendesha nusu saa kila juma, na nani aliendeshe? Bima ni ya nani kuilipa, kwa kuwa sheria ya Kenya haimruhusu mtu kuingia barabarani pasipo hata bima ya mtu wa tatu? Gharama za maji, fundi na kivuli zitoke wapi? Na likiharibika kitu, nani aamue litengenezwe vipi? Akipewa majibu, ayafuate. Akiambiwa lisiendeshwe kabisa, basi ndugu mwenyewe ameichukua dhima hiyo. Lililobaki kwa dada ni kulikatia betri, kuyajaza matairi upepo, kuliachia breki ya mkono na kuyazuia magurudumu kwa mawe, na kulifungua lipate hewa kila juma.

Kwa wajane walio na gari la marehemu, jambo ni jingine. Gari hilo ni la warithi wote, wakubwa kwa wadogo, na kila mwezi linaopita chini ya turubai hupunguza fungu la yatima. Kama hapana wa kulitumia kwa makubaliano ya wote, ni bora liuzwe mapema kwa bei ya haki na fedha zigawanywe kama sheria ilivyoagiza, kuliko kungoja mpaka kibaki chuma chakavu. Ikiwa warithi wamehitilafiana, waende kwa shekhe wanayemwamini au Mahakama ya Kadhi. Kava lisitumiwe kuufunika ugomvi wa kifamilia.

Kabla ya kumaliza, tuna neno kwa kila mama mwenye watoto wadogo na gari uani, nalo ni muhimu kuliko rangi na kutu. Watoto hupenda kujificha. Gari lililofunikwa likiachwa bila kufungwa kwa ufunguo, mtoto huweza kuingia, mlango ukamshinda kufungua, na hapana apitaye atakayemwona wala pengine kumsikia. Joto la ndani ya gari lililofungwa juani laweza kupanda nyuzi 10 za Selsiasi kwa muda wa dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo milango yote na buti vifungwe kwa ufunguo kabla ya kava kuvikwa, ufunguo uwekwe mahali pasipofikiwa na watoto, na mtoto akikosekana, gari liwe mahali pa kwanza pa kutazamwa. Na anayekwenda kulitia moto asubuhi atazame kwanza chini yake na ndani ya boneti, maana paka na panya hupenda utulivu wa gari lililofunikwa, na panya hukata nyaya.

Wako pia wafunikao gari kwa kuogopa kijicho cha majirani. Kwa hilo, nyiradi za asubuhi na jioni ndizo kinga, na hazihitaji kamba. Hata mwizi hupata habari kutokana na kava: gari lililofunikwa majuma mengi bila kuguswa humwambia kwamba mwenyewe hayupo.

Ushauri wetu kwa ufupi, basi, ni huu. Gari linalotembea kila siku halihitaji kava. Latosha kivuli na maji matamu. Gari linalolala siku chache chini ya jua laweza kuvikwa kava lipumualo, likiwa safi na kavu. Gari la miezi na miaka lipatiwe banda lililo wazi pande zote, litazamwe kila juma, na lisivikwe plastiki kamwe. Na gari la amana, kabla ya yote hayo, lina mwenyewe; aulizwe.

Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza yule aliyemuuliza juu ya ngamia wake kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Nasi tufunge kwa ujuzi, tuulize kwa uwazi, na tulilobakisha tumwachie Mola. Mwenyezi Mungu awarejeshe salama wana wetu walio safarini, na atuwezeshe kuwakabidhi walivyotuachia vikiwa salama kadiri ya juhudi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.